Rizki Haikufungwa: Mas'ala ya Mtu Aliyekosa Shauri la Biashara, na Ibra ya Tabora

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema, na sala na salamu zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Mas'ala yanayoulizwa ni haya: mtu mwenye afya na akili timamu, na rasilmali japo kidogo, akiketi barazani mwaka mzima na kauli yake ni moja, "Nataka biashara, lakini siioni biashara ya kufanya," je, ana udhuru mbele ya Mola wake na mbele ya watu wa nyumba yake, au hana?

Wako wasemao anao udhuru, kwani fikra ni kipawa, na asiyepewa halaumiwi. Na wako wasemao hana udhuru kabisa, ni mvivu tu, na dawa ya mvivu ni maneno makali. Kauli zote mbili zina upungufu. Ya kwanza yamwondolea mtu wajibu wake, na ya pili yamtukana bila ya kumponya. Haki iko baina ya mbili hizi, wala haijulikani ila kwa kutazama ni kitu gani hasa kilichomfunga mtu yule. Maana mafungo ya moyo si ya namna moja. Mengine ni pingu aliyojitia mtu mwenyewe, na hiyo yapasa kuvunjwa. Mengine ni ukuta uliojengwa na sheria, na huo haubomolewi hata mtu akifa njaa ya faida.

Na katika nchi za Waswahili ni vigumu kupata mahali penye ibra ya jambo hili kuliko Tabora, na njia ile ya misafara ya kale itokayo Bagamoyo ikapita Ugogo na Unyanyembe hata Ujiji. Kwani pale biashara moja ilikua hata watu wakaidhania kuwa ndiyo rizki yenyewe, kisha biashara ile ikafa, na aliyedhani hivyo akabaki akiitazama njia isiyopita mtu.

Fasili ya kwanza: katika habari ya njia ile

Yapasa ijulikane kwanza kwamba njia ya Tabora haikuanzwa na pembe za ndovu, wala haikuanzwa na watu wa pwani. Wanyamwezi na jirani zao walikuwa wakienda na kurudi zamani kwa mambo ya kila siku. Uvinza, upande wa mto Malagarasi, palikuwa na chemchemi za maji ya chumvi, na watu wakiyapika maji yale na kuichukua chumvi nchi za mbali. Kwengineko walikuwapo wahunzi wafuao majembe, na jembe lilikuwa mali ya kununulia, na ya kuolea pia. Fikra iliyoizaa njia ilikuwa fikra nyepesi: huyu ana chumvi na hana jembe, na yule ana jembe na hana chumvi. Kwa fikra hiyo wakazoea safari, hata ilipofika yapata mwaka 1800 Wanyamwezi wenyewe wakateremka pwani na pembe zao, kabla ya mtu wa pwani kujenga nyumba Unyanyembe.

Kisha watu wa pwani wakaifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Musa Mzuri, Muhindi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na baada yake Waarabu na Waswahili wakazidi. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walikuta tembe kubwa kubwa, na watu wa pwani waliopanda mpunga na ngano na vitunguu na miti ya matunda kama wako kwao. Safari yao kutoka pwani ilichukua siku 134. Aliyewapokea kwa ukarimu ni Snay bin Amir, Mharithi, naye Burton ameandika kuwa alianza maisha yake kwa kupika halua Maskati, na baada ya miaka kumi na sita akawa katika matajiri wakubwa wa pembe na watumwa. Habari ya mtu huyu itarejewa, kwani ina ibra mbili, moja ya kusifiwa na moja ya kuogopwa.

Mali ya Tabora basi ikasimama juu ya vitu viwili, pembe na watu. Hata vitu hivyo viwili vikaondoka kimoja baada ya kimoja. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwaka 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe akashindwa na Wadachi, yaani Wajerumani, akafa ndani ya ngome yake, na hukumu ya nchi ikageuka. Ndovu wakawa wakiuawa mwaka kwa mwaka, na wawindaji wakisogea mbali zaidi na zaidi kuwatafuta. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa ukichukua miezi kichwani mwa mpagazi ukawa wafika kwa siku chache. Na mwaka 1922 serikali ya Waingereza ikaufuta utumwa katika Tanganyika yote.

Basi aliyeketi Tabora katika miaka ile akasema, "Rizki imefungwa," alikuwa akisema kweli au uongo? Alikuwa akisema kweli juu ya pembe, na uongo juu ya rizki. Na katika kuchanganya mambo mawili haya ndimo lilimo donda lote.

Fasili ya pili: katika pingu ya mazoea

Pingu ya kwanza ni mazoea, nayo ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu haionekani kuwa ni pingu. Huonekana kuwa ni akili na ujuzi.

Mfano wake ni huu. Tajiri wa pembe wa mwaka 1880 angeulizwa, "Kwa nini hupeleki karanga pwani, au nta ya nyuki, ilhali msitu wa Unyamwezi umejaa mizinga?" angecheka, na haki ya kucheka anayo. Mpagazi mmoja huchukua kama frasila mbili, na frasila ni ratili 35. Naye mpagazi hula njiani, na hulipwa, na watemi wa Ugogo hutaka hongo. Mzigo wa pembe wayaweza haya yote na faida ikabaki. Mzigo wa karanga hauyawezi, utaliwa na safari yake mwenyewe kabla ya kufika Mpwapwa. Hesabu yake ni sahihi, na aliyeifanya ni mtu mwenye akili.

Lakini reli ilipofika, hesabu ile ikafa, na kauli ikabaki. Mtu akaendelea kusema, "Karanga si biashara," na yeye hajui tena kwa nini anasema hivyo. Alirithi jawabu na hakurithi hesabu. Wako waliokuja nyuma, ambao hawakupata kuona msafara, wakaitazama nchi kwa macho mapya. Karanga za Unyamwezi zikapakiwa garini, na nta ya Tabora ikawa bidhaa ipelekwayo Ulaya tangu zama za Wadachi hata za Waingereza, na katika miaka ya 1960 warina asali wa Tabora wakawa na chama chao wenyewe cha ushirika. Nyuki walikuwapo siku zote. Kilichokuwa hakipo ni mtu wa kuifanya hesabu upya.

Hapa yapatikana kanuni yenye manufaa: mambo mengi ambayo mtu huyaita "hayawezekani" yalikuwa hayawezekani kwa sababu iliyojulikana, na sababu ile huenda imekwisha ondoka. Basi mwenye kutafuta shauri asijiulize tu, "Jambo gani jipya?" Ajiulize pia, "Jambo gani la kale lililokataliwa, na sababu ya kulikataa iko hata leo?" Hili la pili ni jepesi kuliko la kwanza, na mara nyingi ndilo lenye mali.

Na mazoea yana dalili nyingine, nayo ni kutumia nguvu zote kuufungua mlango ule ule. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya kwenda Ujiji, Waarabu wa Unyanyembe walishika silaha ili kuifungua kwa nguvu, wakashindwa, mali ikateketea na watu wakauawa, na vita vikaendelea kwa miaka. Katika mwaka ule ule Stanley, mgeni asiyeijua nchi, alipoona vita havina mwisho, aliuacha upande wa Mirambo, akashika njia ya kusini kwa Ukonongo, akazunguka, akafika Ujiji mwezi wa Novemba. Wala hakuwa hodari kuliko Waarabu, wala hakuijua nchi kuliko wao. Walimshinda kwa kila kitu, illa yeye alikuwa akitaka kufika Ujiji, na wao walikuwa wakiitaka njia yao.

Basi na ajiulize mtu: "Mimi nataka kulisha watoto wangu, au nataka kuwalisha kwa duka lile lile la baba yangu?"

Fasili ya tatu: katika pingu ya haya isiyo haya

Haya ni katika imani, na asiye na haya hana kheri. Lakini iko haya ya uongo iliyovaa kanzu ya haya ya kweli, nayo ni kuogopa macho ya watu katika jambo ambalo Mwenyezi Mungu hakulikataza. Hii ndiyo pingu ya waungwana wa pwani hasa. Kazi humjia mtu moyoni, akaiona ina faida, kisha akasikia sauti ikisema, "Mwana wa fulani auze vitumbua? Mjukuu wa sheikh fulani apime nta mizanini?" Na fikra ile hufa kabla ya kuzaliwa. Kisha mtu huyo huyo husema, "Sina fikra." Naye alikuwa nazo kumi, akaziua zote kwa mkono wake.

Na azingatie mwenye kusoma habari ya sahaba Abdurrahman bin Auf, radhi za Mungu zimfikie. Alihama Makka akaiacha mali yake, akaingia Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii, katika watu wa Madina, akampa nusu ya mali yake kwa moyo safi. Abdurrahman akamwombea baraka, wala hakuitwaa, akauliza jambo moja tu: soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Kainukaa, akaenda, akarudi na faida yake, nayo ni jibini kavu na samli. Hakungoja biashara iliyolingana na nasaba yake. Alianza na samli. Na katika uhai wake akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa sahaba, na sadaka zake zikajulikana. Na mbora wa viumbe mwenyewe alichunga kondoo, na akasafiri na mali ya Bibi Khadija. Mwenye kuona kazi ya halali kuwa duni, basi na aangalie ni nani anayemdunisha.

Na ibra ya kwanza ya Snay bin Amir ni hii. Kutoka jiko la halua la Maskati hata kuwa mkubwa wa Unyanyembe si njia ya mtu aliyeona haya kuwa mwanafunzi. Aliyepika halua amejua kupima sukari, amejua kuhesabu kuni, amejua kumngoja mnunuzi na kusema naye kwa upole. Biashara ndogo ni chuo cha biashara kubwa, na anayetaka kuingia darasa la mwisho kwa kuruka la kwanza hukaa nje ya mlango siku zote.

Fasili ya nne: katika pingu ya khofu, na pingu ya deni

Baina ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na nyika iitwayo Mgunda Mkali, yenye miiba na ukosefu wa maji, na wapagazi waliitaja kwa khofu tangu pwani. Lakini katikati ya Mgunda Mkali ule Wakimbu walikata miti, wakalima, na misafara ikapumzika kwao na kununua chakula, kama pale Jiwe la Mkoa. Watu wale hawakusema kuwa nyika si kali. Waliuliza maji yako wapi, wakalima karibu na maji.

Khofu ya hasara ni kama nyika ile. Kuikanusha ni upumbavu, na kukaa nje yake milele ni umaskini. Dawa yake ni kuipima. Mtu asijiulize, "Nitapata hasara?" kwani jawabu yake siku zote ni "Huenda." Ajiulize, "Nikipata hasara, ni kiasi gani, na baada yake nitaweza kusimama?" Aliye na shilingi mia akajaribu kwa kumi, hata zikapotea zote, amenunua ujuzi kwa bei rahisi. Aliyezitia zote mia katika jambo asilolijua amecheza kamari, ijapokuwa ameiita biashara.

Na hapa watajwe walioanguka upande wa pili. Baada ya vita vikuu vya pili serikali ya Uingereza ilikusudia kulima karanga katika Tanganyika kwa kiasi ambacho dunia haijapata kuona. Kazi ilianza mwaka 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Fedha zilikuwapo nyingi mno, na matrekta, na watu wenye elimu. Lakini ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi, na mvua haikutosha. Mwaka 1951 shauri likaachwa, na zaidi ya pauni milioni thelathini zimekwisha potea. Wao hawakuwa na khofu hata kidogo, na kutokuwa na khofu hakukuwafaa. Wangalijaribu katika shamba dogo kwa misimu miwili, wangaliuona ukweli kwa fedha chache. Basi asidhani mtu kuwa dawa ya khofu ni ujuba. Dawa yake ni jaribio dogo.

Ama deni, hilo ni pingu ya kweli, na mwenye kulihukumu barazani na ahukumu kwa upole. Wengi wa wafanya biashara wa Tabora walikuwa wametwaa bidhaa kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, nao wametakiwa walipe kwa pembe. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuwaza nta wala karanga, kwani mwenye kumdai hataki nta. Wako waliokaa bara miaka na miaka, wala hawakuweza kurudi pwani kwa uzito wa deni. Mdaiwa huyaona ya leo tu, na fikra ya biashara ni jambo la kesho. Kumwambia mtu wa namna hiyo, "Fumbua akili yako," ni kumdhihaki. Kwanza na apunguziwe mzigo, na sheria imehimiza kumpa muda aliyeshikwa na dhiki.

Na kwa asiye na mali, sheria imeweka mlango ulio wazi, nao ni mudharaba: huyu atoe mali, na yule atoe kazi na ujuzi, na faida igawanywe kwa sehemu waliyopatana. Hasara ikitokea bila ya khiana wala uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake, na mwenye kazi hupoteza jasho lake, wala hadaiwi. Tazama uadilifu wake: khofu imegawanywa, hapana aliyeibeba peke yake. Mji wenye matajiri waogopao na vijana wasio na mali, na mudharaba ukakosekana baina yao, ni mji ulioacha dawa kabatini huku mgonjwa akilia.

Fasili ya tano: katika ukuta usiobomolewa

Yote yaliyotangulia yanahimiza kuvunja. Sasa yapasa kusema lisilovunjwa, kwani aliyesoma nusu ya jambo hudhurika kuliko asiyesoma.

Ibra ya pili ya Snay bin Amir, na ya wakubwa wa Tabora wa zama zake, ni kwamba akili iliyofunguka si lazima iwe akili iliyoongoka. Walikuwa watu wa fikra pana na moyo mkubwa. Walivuka jangwa, wakajifunza lugha za watu, wakajenga na kupanda. Na fikra ile ile iliyoona mali katika pembe iliona mali katika mwanadamu, na hapakuwa na ukuta moyoni wa kuizuia. Vijiji vilivamiwa, na watu waliozaliwa huru wakafungwa minyororo wakateremshwa pwani, na wengine wakaachwa njiani wakafa.

Wako waliojitetea kuwa jambo hilo lilikuwa dasturi ya zama zile. Lakini dasturi haihalalishi dhuluma, na aliyezaliwa huru akatekwa kwa dhuluma hakuwa bidhaa ya halali katika sheria ya Kiislamu. Mtume wa Mungu, sala na salamu zimshukie, amekwisha kuonya kuwa mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye atakayekuwa hasimu wake Siku ya Kiama. Basi ni nani atakayeingia kesi ile akatumaini kushinda? Na watu wa pwani wanapoikumbuka Tabora kwa fahari ya tembe na miembe yake, yawapasa waukumbuke na mnyororo, kwani fahari isiyo na toba ni deni lililorithiwa.

Na hasara yao haikuwa ya Akhera tu. Mali iliyosimama juu ya dhuluma huua fikra za halali zilizo jirani yake. Palipokuwa na faida ya haraka ya kuuza watu, nani angejisumbua na mizinga ya nyuki? Kijiji kilichochomwa hakilimi karanga. Aliyetekwa hatafua jembe. Walidhani wanachuma katika nchi, kumbe walikuwa wakiikata miguu nchi waliyokuwa wakiitegemea.

Basi mtu akipata fikra ya biashara, na moyo wake ukamzuia, asikimbilie kusema, "Hii ni khofu, nitaivunja." Atulie aulize: kinachonizuia ni nini? Kama ni macho ya watu, avunje. Kama ni mazoea, avunje. Kama ni khofu ya hasara, apime. Lakini kama ni kwa sababu faida yake ni kilio cha mtu mwingine, au ni riba, au ni udanganyifu wa mizani, au ni kuwauzia watu kiwaangamizacho, basi kizuizi kile si ugonjwa. Ni rehema aliyotiwa moyoni, na akiivunja leo hatapata nyingine kesho. Na alama ya kutambua ni hii: jambo ambalo mtu aweza kulieleza lote, mwanzo hata mwisho, mbele ya aliyemnunulia na aliyemuuzia, wote wawili wakisikia, hilo halina ubaya wa kufichwa.

Fasili ya sita: katika kutafuta shauri

Ikiwa imejulikana pingu na umejulikana ukuta, limebaki kutafuta. Nako kutafuta ni kazi ya miguu kabla ya kuwa kazi ya kichwa. Wahenga wamesema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Fikra ya biashara haimjii mtu aliyelala chali akitazama boriti, bali humkuta sokoni, bandarini, kituoni pa gari, na kwenye mlango wa mwenye shida.

Kwanza, na aangalie upungufu wa watu, kwa mfano wa chumvi na jembe. Kila mahali watu wanapolalamika pana biashara imejificha. Wanangoja kitu muda mrefu? Wanakwenda mbali kukitafuta? Wananunua kibovu kwa kukosa kizuri? Aandike malalamiko ya watu siku saba, kisha aone kama bado atasema hana la kufanya.

Pili, na amsikilize mgeni, na aliyerudi safari. Mgeni huona ajabu katika kitu ambacho mwenyeji amekizoea hata hakioni.

Tatu, na afanye shauri na wajuzi kabla ya kusali istikhara, wala istikhara isiwe badali ya shauri. Wako waisalio istikhara kwa jambo ambalo hawakuuliza hata bei yake, kisha wakingoja ndoto iwaeleze. Istikhara ni kumwachia Mungu uamuzi baada ya mja kufanya wajibu wake wa kutafuta.

Nne, na aanze na kidogo, na upesi. Siku moja ya kuuza yamfundisha mtu zaidi ya mwezi mmoja wa kuwaza.

Na atakayesema, "Haya yote ni pupa ya dunia, mimi nimetawakali," basi na ajue maana ya kutawakali. Ndege amepigiwa mfano wa tawakali, naye huruka kiotani asubuhi tumbo tupu, akarudi jioni ameshiba. Hakuna ndege aliyepigiwa mfano kwa kukaa kiotani. Na aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru kwa kutawakali aliamrishwa amfunge kwanza. Kuketi bila ya kutafuta si tawakali, ni kumtwika Mwenyezi Mungu uvivu wa mja.

Khatima

Sasa mas'ala yarejee mahali pake. Aliyekosa shauri la biashara ana udhuru muda wote anapotafuta, ijapokuwa hajapata, kwani kupata hakuko mkononi mwake. Na ana udhuru aliyefungwa na deni au maradhi, na wenziwe ndio watakaoulizwa kwa nini hawakumsaidia. Na ana zaidi ya udhuru, ana thawabu, yule aliyeona faida ya haramu mbele yake akaiacha, akarudi nyumbani mikono mitupu. Huyo hakukosa fikra, amezichagua.

Asiye na udhuru ni yule aliyekataa kutazama. Mola wake amempa macho, na soko, na miguu, naye akavitia vyote katika kauli moja, "Njia imefungwa." Reli iliipita Tabora na wapagazi wakaweka mizigo chini mara ya mwisho, lakini chumvi ya Uvinza ilibaki, na nyuki hawakuhama msituni.

Wabillahi taufiki, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.